Waya ya Kijani

Jumapili, 12 Oktoba

Niaje, Masikio. Hilo ndilo jina nimekupatia wewe mwenye utasoma hii kitabu siku moja, juu kazi yako itakuwa kusikiza tu na usinikatize. Mimi ni Ruguru, miaka kumi na tisa, wa hapa juu ya Runyenjes. Form foo nilimaliza, nangoja kuitwa kolegi. Saa hii natengeneza simu za watu, redio, pasi, kitu yoyote iko na waya. Hakuna mtu alinifundisha. Nilijifunza na video za simu na kuharibu vitu.

Leo tukitoka kanisa mama aliinama chini ya kitanda chake akatoa wufa ya Mutugi, ile spika kubwa ya muziki. Ilikuwa imefungwa na leso. Tangu Aprili sikuwa nimeiona. Akaiweka kwa meza, akapanguza mavumbi na mkono, polepole, kama mtu anapanguza uso ya mtoto.

"Fungua," akasema. "Tafuta kosa ya Bundi. Ukiipata unionyeshe, niiweke mbele ya wazee."

"Mama, si tupeleke kwa fundi huko Embu?"

"Mafundi wa hizi pande zote walifundishwa na Bundi. Watamficha. Wewe hutaficha. Huyo alikuwa ndugu yako."

Mutugi alikuwa kaka yangu, miaka ishirini na nne. Hiyo wufa aliinunua na pesa ya kuchumia watu kahawa msimu mbili. Mwezi wa tatu iliacha kulia, akampelekea Mzee Bundi, jirani yetu, mwenye aliwekea karibu kila nyumba hapa stima. Bundi akaitengeneza akairudisha. Wiki tatu hivi baadaye, jioni ya mvua, maji ikaanza kudondoka kwa mabati juu ya wufa. Mutugi alikuwa ametoka shamba, miguu bado iko na matope. Akachomoa waya za TV, akasahau ya stima. Akashika ile bati ya nyuma aisogeze.

Hiyo tu. Chai yake ilikuwa bado moto.

Tangu hiyo siku mama hasalimii Bundi. Na mama asipokusalimia hapa kwetu, hakuna mtu anakusalimia.

Sasa ni mimi na bisibisi. Nitaipata, Masikio. Ile bati ya nyuma naijua, nilishaifungua mara moja, dakika tano tu, kutoa mngurumo ilikuwa inasumbua.

14 Oktoba

Kahawa imeiva ya kwanza. Debe tatu. Sijagusa wufa, vidole zimechoka.

16 Oktoba

Mvua imeanza. Mama ameweka sufuria pale maji inadondokea. Hataki mabati itengenezwe. Nikimuuliza anainuka kumwaga sufuria.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisa ilijaa lakini benchi ya kina Bundi walikaa watatu: yeye, mke wake na binti yao Wambura. Benchi ya watu saba. Wambura nilikaa na yeye desk moja miaka minne, chaki tulikuwa tunaiba pamoja. Leo aligeuka nyuma akaniona. Mimi nikafungua kitabu ya nyimbo na bado tulikuwa kwa matangazo.

Watoto wa Sunday school siku hizi wanamuita Bundi "Stima." Akipita wanaruka kando kama atawashika. Mwalimu wao husikia na hasemi kitu.

23 Oktoba

Masikio, nimempata.

Nimefungua leo saa nane, mama akiwa faktori ya kahawa. Skrubu sita, mbili hazikuwa. Ndani imejaa vumbi na maganda ya mahindi, nikashangaa mahindi imefikaje huko. Nikatoa transfoma, nikafuata waya ya stima kutoka nje. Pale inaingilia kwa bati, ile ya kahawia, yenye inaleta moto, imetoka ngozi. Shaba iko nje, inang'aa, na imelalia bati. Hapo ndipo Mutugi alishika.

Nilikaa chini nikalia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Nikajiambia mama atalala sasa. Nikachukua picha kumi na simu.

Halafu nikaangalia vizuri na tochi. Ile ngozi haijakatwa na kisu. Imetafunwa. Meno mbili mbili, kidogo kidogo. Na yale maganda ya mahindi.

Ni panya.

Lakini fundi wa ukweli angeweka mpira hapo kwa shimo. Si angeweka? Kesho kutwa naenda Embu kuuliza Ngari. Mama sijamwambia bado, nataka nikimwambia niwe na kosa imeshikika, sio panya.

25 Oktoba

Ngari ako na duka ya spea huko Majimbo, mlango ndogo, sura kubwa. Huwa ananiita Injinia wa Bando kwa sababu nilijifunza na video.

"Injinia wa Bando," akasema, "leo umechoma nini?"

Nikamwonyesha picha. Akaacha kucheka. Akaivuta kubwa na vidole mbili.

"Panya," akasema.

"Najua ni panya. Lakini fundi hakuweka mpira."

"Mpira iko hapa. Si hii nyeusi? Panya amekula mpira kwanza." Akaendelea kuangalia. "Sasa mimi kitu sielewi ni fyuzi. Waya ikigusa bati, moto inafaa kukimbia na athi iende chini kwa mchanga, fyuzi ikatike hapo hapo. Mtu hata akishika bati anapata imezima. Soketi yenu iko na athi?"

"Iko. Mzee Bundi alichimbia chuma nyuma ya tanki, na kila kiangazi alikuwa anakuja kutuambia tuimwagie maji."

"Basi huyo ni fundi." Akavuta picha ingine. "Ona. Waya tatu zinaingia. Kahawia, bluu, na hii ya kijani na manjano. Hii ya kijani ndiyo athi. Inafaa kufungwa kwa bati. Imekatwa. Imekunjwa nyuma. Na hapa kwa ncha kuna kitu nyekundu kama damu. Ni nini hii?"

Nikasema sijui.

"Mwenye alikata hii," Ngari akasema, "huyo ndiye aliua mtu. Panya ni panya tu."

Akanipatia kipande ya waya mpya na mpira mpya, hakutaka pesa. Nikasahau hata kusema asante.

26 Oktoba

Ni rangi ya kucha.

Nyekundu. Niliinunua ya sherehe ya kumaliza form foo. Sikuwa na tepu siku hiyo, na kwa video jamaa alisema ukikata waya ufunike ncha, sasa mimi nikafunika na rangi ya kucha, matabaka matatu, nikapuliza ikauke. Niliona nimefanya kitu ya akili sana.

Nitakuambia yote, juu nikikosa kuandika leo sitaandika tena. Bundi akirudisha wufa, ilikuwa inalia poa lakini ukiunganisha na TV inanguruma. Mmmmm, kama ng'ombe iko mbali. Mutugi akamuuliza, na Bundi akamwambia, nilikuwa hapo nikipepeta maharagwe: "Hiyo ni athi inabishana na ile ya dishi ya TV. Haina madhara. Iache tu, kijana, ngurumo haiui mtu." Mutugi akakubali lakini nilimwona hajapenda. Choir yao ilikuwa imerekodi video ya Pasaka na yeye ndiye alianzisha ule wimbo wa pili peke yake. Alitaka kusikia sauti yake ikiwa safi.

Sasa mimi nikatafuta kwa simu. Video ilikuwa ya Kizungu ya haraka, nilishika nusu. Kata hii, mngurumo itaisha. Nikangoja Mutugi aende shamba. Dakika tano. Nikamwita, nikaweka ule wimbo. Kimya kabisa, halafu sauti yake.

Alinibeba juu. Mimi mkubwa hivi, alinibeba akanizungusha hapo sebuleni, miguu yangu ikagonga meza. "Bundi awekwe kando," akasema, "tuko na fundi kwa nyumba." Halafu akasema tusiambie mzee wa watu, atajisikia vibaya.

Kwa hivyo hakuna mtu anajua. Wawili tulijua.

Na Masikio, si ati nilikuwa nimeficha. Hii miezi yote sikuwahi kufikiria. Nilidhani ile waya ilikuwa ya mngurumo. Kazi yake ingine sikuijua.

27 Oktoba

Mvua.

28 Oktoba

Mvua. Mama ameuliza kama nimepata. Nimesema bado.

2 Novemba

Bado.

5 Novemba

Debe tano leo. Nachuma kama mtu anafukuzwa. Mama amesema, "Pole pole, unavunja matawi." Akanishika shavu na mkono yake ya utomvu. "Umekonda. Hiyo wufa inakula wewe. Kama ni ngumu wacha tu, Bundi anajijua."

Nilitaka kusema hapo hapo. Mdomo ilifunguka. Nikasema nimesikia njaa.

8 Novemba

Leo tulipanga laini faktori na nikajipata nyuma ya Wambura. Gunia yake ilikuwa kubwa na hakuna mtu alikuwa anamsaidia kuinua. Nikashika upande mmoja.

"Wacha," akasema. "Watakuona."

"Waone."

"Umeanza lini kutoogopa?"

Tukasogeza gunia. Akakaa juu yake.

"Kina Kithinji hawakuji tena," akasema. Kithinji ni mchumba wake, anauza ndizi huko Gakoromone, Meru. Watu wao walikuwa waje Agosti kuleta maneno ya ndoa, wakasukuma Oktoba. "Mama yake amesikia. Ati hawawezi kuingia nyumba yenye imeua mtu na haijatakaswa. Yeye ananipigia usiku anasema tungoje. Mimi nimemwambia kungoja ni ya basi, sio ya ndoa."

"Pole, Wambura."

"Baba aliacha kazi, ulijua? Tools zote ameninginiza kwa ukuta. Juzi betri ya tochi ilikuwa imelegea tu, akampelekea mtoto wa jirani amwekee. Mtoto wa darasa la nne, Ruguru." Akaangalia mkono zangu. "Wewe nasikia ndiye unatafuta makosa yake. Umepata?"

Watu wa laini walikuwa wamesogea karibu kusikiza.

"Kuna panya," nikasema.

"Panya," akasema. "Sawa." Akainuka, akainua gunia yake peke yake.

9 Novemba

Stima imepotea tangu jana. Afadhali.

15 Novemba

Nimeenda kwa Mzee Bundi. Nimeenda kusema. Njiani niliifanyia mazoezi, nikasema kwa sauti, hata nikaambia ng'ombe ya watu.

Alikuwa nje anaanika maharagwe, mvua ilikuwa imepumzika. Akaniona akasimama haraka, kofia ikaanguka.

"Shikamoo, Baba Wambura."

Aliokota kofia, akaipanguza, ndio akajibu. Nafikiri alikuwa amesahau vile salamu inajibiwa. "Marahaba, mwanangu. Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Kahawa?"

"Tunachuma."

Akaniletea kiti. Yeye akakaa kwa jiwe. Mimi nikaanza, nikasema nimefungua ile wufa, akainua mkono.

"Usiniambie. Mimi mwenyewe nimeifungua kwa kichwa yangu kila siku tangu Aprili. Natoa skrubu moja moja. Naona kahawia nimefunga. Bluu nimefunga. Nikifika kwa ile ya kijani, sioni. Najaribu kuona mkono yangu ikiifunga, na sioni." Macho yake iko na ukungu siku hizi, ya kushoto zaidi. "Miaka thelathini na mbili sijawahi kusahau athi. Sasa nafikiri nilisahau. Ni macho, ama ni uzee. Nimeshamwambia Mzee Gichovi kwamba kosa ni yangu. Wazee wakiitana nitapeleka mbuzi, niombe mama yako msamaha."

"Lakini mzee, kama haukusahau?"

"Basi kijana wenu alikufa na nini?"

Masikio, hapo ndipo mahali. Mlango ilikuwa wazi kabisa, hata alikuwa ananiangalia. Mke wake akatoka na uji kwa kikombe, akanipatia na mikono mbili, kama mgeni. Nikakunywa uji yote. Nikasema asante. Nikaenda nyumbani.

16 Novemba

Nilikunywa uji yao.

20 Novemba

Nimeitengeneza. Nimekata waya yote ya zamani, nimeweka mpya. Mpira nimeweka na nimezungushia bati ndogo panya asile. Fyuzi mpya. Ile ya kijani nimeifunga kwa bati na skrubu na nati, halafu nikaichomea solda juu, halafu nikaivuta na koleo mpaka nikachoka. Haitoki. Nimepima na mita mara ishirini.

Ile ncha yenye iko na rangi ya kucha nimeiweka kwa mfuko wa hii kitabu, kwa jalada ya nyuma. Ukifika huko utaipata.

22 Novemba

Mzee Gichovi amekuja kuambia mama. Yeye ni mzee wa ukoo na pia wa kanisa, anaongea pole pole mpaka unataka kumsukuma. Bundi amekubali kosa, tarehe sita Desemba ataleta mbuzi, familia mbili wakule pamoja, iishe.

Mama akasema, "Amekubali yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Hakuna mtu alimlazimisha."

Mama aliinama akafunika uso na kitambaa yake. Nilidhani ni hasira. Akainuka akasema, "Basi nitamsalimia."

Baada ya mzee kuenda, alipika chapati. Tangu Aprili hakuna chapati imepikwa hii nyumba. Alikuwa anaimba kidogo chini chini, ule wimbo wa pili.

30 Novemba

Nimeamua. Nitasema siku hiyo mbele ya wote. Nimeandika sentensi moja juu ya mkono yangu na peni: Ni mimi nilikata. Maneno tatu. Hata mtoto anaweza.

1 Desemba

Nimeoga ikafutika. Nimeandika tena.

4 Desemba

Mama amemwita fundi wa mabati. Pale pa sufuria pamezibwa. Nyumba imekuwa kimya, nilikuwa nimezoea ile tone.

Jumamosi, 6 Desemba

Walikuja saa nne. Wazee watano, kina Bundi, watu wetu. Mbuzi ilikuwa nyeusi na doa kwa paji. Bundi alikuwa amevaa suti, imemkuwa kubwa, mikono imefika kwa vidole.

Mzee Gichovi akaomba, akaongea, akaomba tena. Halafu akasema kitu sikutarajia.

"Hii chombo," akasema, "haifai kukaa kwa nyumba kama adui. Nasikia msichana ameitengeneza. Iletwe iwashwe, watu waone imeisha makali. Halafu ndio tuongee ya msamaha."

Mama akaniangalia. Nikaileta. Nikaunganisha na TV, nikaweka flash ya Mutugi. Nikachomeka stima. Watu wakarudi nyuma, hata wazee. Mimi nikaweka mikono yangu mbili juu ya bati ya nyuma, nikaiacha hapo.

Hakuna kitu ilinifanya. Ilinguruma tu.

Mmmmm. Kama ng'ombe iko mbali.

Sikuwa nimefikiria hiyo. Nilifikiria vitu zote, hiyo sikuifikiria. Athi imerudi, na mngurumo imerudi. Wale wengine walisikia kelele ya mashine tu. Mama alikuwa anaangalia TV, anangoja wimbo. Lakini Bundi aliinua kichwa.

Alisikiza kama mtu ameitwa jina. Nikaona anahesabu. Yeye aliirudisha ikinguruma, na alituambia tuiache. Kwa hivyo aliifunga. Mkono yake iliifunga. Halafu mtu akaja akainyamazisha. Alinigeukia na yale macho yake ya ukungu, akaangalia mikono yangu pale kwa bati, na ile sentensi nilikuwa nimeandika ilikuwa juu kabisa, peni ya bluu. Sijui kama aliweza kuisoma. Nafikiri hakuhitaji.

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Nikasema, "Ni mimi—"

"Ni wewe umeitengeneza," Bundi akasema, haraka, kwa sauti ya nguvu. "Na umeitengeneza vizuri. Mimi nilishindwa."

Akapiga magoti. Mzee wa miaka sitini na tisa, na suti, kwa simiti yetu. Akamwambia mama, "Mama Mutugi, nilisahau waya. Nisamehe."

Kwa TV Mutugi akaanza wimbo. Mama alishuka chini na yeye, akamshika mikono, wakalia pamoja wakiwa wameinama. Wambura alikuwa amesimama mlangoni anacheka na kulia, simu kwa sikio, anaambia Kithinji imeisha, imeisha.

Mbuzi ikachinjwa. Mama na Bundi walikula kwa sahani moja. Mimi nikapewa nyama na Mzee Gichovi mwenyewe. Nikakula.

Wakiondoka niliwasindikiza mpaka geti. Bundi akangoja wengine watangulie. Nikasema, "Baba Wambura, mimi..." na haikutoka.

Akanigonga bega kidogo, vile fundi anagonga kitu imelegea.

"Usiikate tena," akasema.

Akaenda.

Jumapili, 7 Desemba

Leo kanisani benchi ya kina Bundi ilijaa mpaka watu wakabanana. Mama alikaa hapo, kando ya mke wake. Watu wa Kithinji wanakuja tarehe ishirini. Usiku wa jana mama alilala mpaka saa moja asubuhi, na ameniambia ilikuwa usingizi ya kwanza tangu Aprili.

Lakini tukitoka, mtoto mmoja alimwita Bundi "Stima" na mama akampiga kofi, akamwambia, "Muheshimu, hata kama alisahau." Bundi alikuwa amesimama hapo. Alitabasamu. Alinamisha kichwa kama mtu amesahau kweli.

Sasa mvua imekuja. Wufa iko kwa kona, mama ameiwasha anasikiza ule wimbo mara ya sita, na chini ya sauti ya Mutugi ile mngurumo haiishi. Ameniita saa hii. "Ruguru, hii kelele haikuwangako, sindio? Kuja uitoe."

Bado sijainuka. Masikio, nimekuambia yote na haujanikatiza hata mara moja. Sasa ongea wewe. Mama anangoja hapo na bisibisi kwa mkono. Ungeenda umwambie nini?